Kuchagua chapa ya mashine za betri: kisa cha seremala wa milango na makabati

Seremala mwenye msaidizi mmoja anafunga milango na makabati ya jikoni kwenye nyumba za wateja. Mashine zake zote ni za waya: drili, msumeno wa duara, raota ndogo (mashine ya kuchonga kingo za ubao), grenda, na drili nzito ya kutoboa zege. Nyumba nyingi anazoingia hazijamalizika. Umeme uko chumba kimoja, au haupo kabisa, na asubuhi inaishia kwenye kuburuta ekstensheni. Ameamua kuhamia kwenye mashine za betri, na mbele yake kuna njia mbili. Ya kwanza ni seti ya bei nafuu yenye drili, impakti ya kufungia skrubu, grenda, betri mbili na chaja, vyote ndani ya sanduku moja la plastiki, na stika yake imeandikwa “88V, 6.0Ah”. Ya pili ni kuanza kidogo kidogo na chapa kubwa ya volti 18, yaani Makita, Bosch Professional au DeWalt. Huko, pesa ya seti ile inampatia mashine moja na betri moja tu.

Swali alilokuja nalo ni “drili ipi ni nzuri?” Kwa chapa hizo tatu swali hilo halina uzito mkubwa, kwa sababu drili zao za daraja moja zinakaribiana sana na mkono huzizoea zote baada ya siku chache. Kinachomfunga mnunuzi ni betri. Akishakuwa na betri tatu au nne za umbo fulani, kila mashine atakayonunua baadaye itakuwa ya umbo hilohilo, maana kuanza mfumo wa pili ni kununua betri na chaja upya. Betri mbili nzuri na chaja hufika kwa urahisi bei ya mashine yenyewe au kuipita. Kwa hiyo anayechagua drili ya kwanza amekwisha kuchagua pia msumeno, randa na raota ya miaka ijayo, ajue asijue.

Ndiyo maana uchambuzi wa kisa hiki ulianza na siku ya kazi yake. Chapa ziliwekwa pembeni kwanza.

Hesabu ya siku moja

Nishati ya betri hupimwa kwa wati-saa, nayo ni volti mara ampea-saa. Betri ya volti 18 yenye 5.0Ah ina wati-saa 90. Kazini usitegemee zote: kuna joto, kuna upotevu, na mashine hujizima kabla seli, yaani betri ndogondogo zilizo ndani ya ganda, hazijaisha kabisa. Wati-saa 75 ndizo za kupangia.

Siku yake ya kawaida ilikadiriwa hivi. Skrubu 250, kila moja sekunde 3 kwa wastani wa wati 200: wati-saa 42. Kukata mita 20 za ubao wa milimita 18, kama dakika 10 za msumeno kwa wati 500: wati-saa 83. Matundu 16 ya milimita 10 ukutani kwa ajili ya fremu mbili za mlango, sekunde 15 kila tundu kwa wati 350: wati-saa 23. Raota ya kingo, dakika 12 kwa wati 350: wati-saa 70. Jumla ni 218. Gawanya kwa 75, unapata betri tatu kasoro kidogo.

Makadirio haya ni ya mkono na yanaweza kupishana na hali halisi kwa robo nzima, hasa mbao ikiwa ngumu au meno ya msumeno yakiwa butu. Lakini hata hivyo yanatoa majibu mawili ambayo stika ya dukani haitoi. Moja, seti yenye betri mbili ndogo haitamfikisha saa nane mchana. Pili, grenda. Fundi huyu hukata vyuma vya pembe na nondo mara mbili kwa wiki, kama nusu saa ya kukata mfululizo kwa wati 700. Hiyo ni wati-saa 350, karibu betri tano kwa kazi moja! Grenda yake ya waya inabaki kazini, na mashine ya betri inayotangazwa sana kwenye masanduku ya seti ndiyo ya kwanza kutolewa kwenye orodha.

Chaja nayo iliingia kwenye hesabu mapema. Muda wa kuchaji ni ampea-saa za betri kugawanywa kwa ampea za chaja, kisha ongeza kidogo, kwa kuwa chaja hupunguza kasi betri inapokaribia kujaa. Chaja ndogo ya ampea 2 inahitaji saa mbili na nusu hadi tatu kwa betri moja ya 5.0Ah. Betri tatu ni usiku mzima, na mtu wa kuamka kuzibadilisha. Chaja ya ampea 9 humaliza betri hiyo kwa dakika 45 hivi, na zote tatu kwa saa mbili na robo. Ampea zimeandikwa chini ya chaja, upande wa pato. Zisome kabla ya kusoma kitu kingine chochote kwenye sanduku.

Stika ya “88V”

Seli ya lithiamu-ayoni ina volti 3.6 za kawaida na hufika 4.2 ikijaa. Seli tano zilizofuatana ni volti 18 za kawaida, na 21 zikiwa zimetoka tu kwenye chaja. Hapo ndipo maandishi ya “20V Max” kwenye baadhi ya mashine yanapotoka: ni betri ileile ya volti 18 inayotajwa kwa kipimo cha juu. DeWalt huuza mfumo mmoja kwa jina la 20V Max Marekani na 18V XR Ulaya. Kwa hiyo anayeacha mashine ya “18V” akakimbilia ya “20V” au ya “21V” akidhani ina nguvu zaidi hajaongeza chochote.

“88V” ni jambo jingine kabisa. Kama betri ile ingekuwa kweli na volti 88 na 6.0Ah, ingebeba wati-saa 528. Seli ya kawaida ya unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, yenye 3.0Ah, ina wati-saa 10.8. Zingehitajika seli 49. Kila moja ina uzito wa gramu 45 hadi 50, kwa hiyo betri ingekuwa na zaidi ya kilo mbili za seli tupu na isingeenea kwenye mpini.

Betri ya seti ile iliwekwa kwenye mizani ya jikoni: gramu 385. Kisha ikachajiwa mpaka taa ya kijani, na ncha za multimita (kifaa cha kupimia volti) zikagusishwa kwenye vibati viwili vyenye alama ya + na −, kwa uangalifu ncha zisigusane. Kipimo kilisoma volti 20.6. Yaani seli tano, mstari mmoja, volti 18. Namba ya stika ni jina la modeli tu, na muuzaji akiulizwa anaweza kusema hivyo bila kuona aibu. Kipimo hiki cha dakika mbili kinatosha kwa betri yoyote ya “48V”, “98V” au “128V” inayolingana kwa umbo na betri ya volti 18.

Kwa nini betri ndogo huchoka haraka

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, kwa hiyo patazamwe kwa karibu.

Betri ya 2.0Ah kwa kawaida ina seli tano. Ya 5.0Ah ina seli kumi: jozi tano, na kila jozi seli mbili zinagawana mzigo. Msumeno unaovuta wati 720 kwenye volti 18 unahitaji ampea 40. Kwenye betri ya seli tano, kila seli inabeba ampea 40 zote. Kwenye ya seli kumi, kila moja inabeba 20. Joto ndani ya seli hukua kwa mraba wa ampea: seli yenye ukinzani wa miliomu 15 hutoa wati 24 za joto kwa ampea 40, na wati 6 tu kwa ampea 20. Ni robo. Seli ndogo za nguvu nyingi hazikuundwa kubeba ampea 40 kwa dakika kadhaa, na zikilazimishwa zinapungua uwezo baada ya miezi. Fundi ataona dalili nyingine kwanza: msumeno unazima katikati ya ubao huku taa za betri zikionyesha vipande viwili, yaani chaji bado ipo. Wengi hulaumu mota, kumbe volti zimeanguka chini ya mzigo na kinga ikakata.

Kwa hiyo kanuni iliyowekwa kwenye kisa hiki ni rahisi: betri za 2.0Ah ni za impakti na drili, ambako wepesi unasaidia mkono ulioinuliwa juu ya kabati. Msumeno, raota na mashine ya kutoboa ukuta hazipewi betri ya seli tano nyembamba. Ziko pia betri za seli nene, milimita 21 kwa 70, kama ProCORE ya Bosch. Zile za 4.0Ah zina seli tano tu lakini zinahimili mzigo kuliko seli tano nyembamba. Usizihukumu kwa idadi ya seli pekee.

Wagombea watatu

Seti ya “88V” haikutupwa kwa sababu ya jina. Ilitupwa kwa sababu nne zinazoonekana: betri za seli tano, chaja ya ampea isiyofika 2, hakuna msumeno wala raota ya chapa hiyo, na muuzaji hakuweza kuonyesha swichi wala betri ya akiba inayouzwa peke yake. Kwa mtu anayefunga kitasa mara moja kwa mwezi, seti ile ingemfaa vizuri tu. Kwa kazi ya kila siku, betri zikifa, mashine zote zimekufa nazo. Mashine nyingi za majina yasiyojulikana siku hizi hupokea betri za umbo la Makita, na hilo ni afadhali kidogo, kwa kuwa angalau betri itapatikana.

Zikabaki tatu. Makita imeshikilia umbo moja la betri ya volti 18, mfumo wa LXT, tangu 2005. Wigo wake ni mpana mno kwa seremala: randa, raota, jigso, misumeno, hata mashine ya kukata maungo ya biskuti (vipande vyembamba vya mbao vya kuunganishia mbao mbili). Kwa kazi nzito hutumia betri mbili za volti 18 kwenye mashine moja. Mfumo wake mpya wa 40V Max, XGT, ulioanza 2019, ni mwingine kabisa, na mashine zake hazipokei betri za LXT. Mnunuzi aangalie hilo kwa makini, rangi ni ileile.

Bosch ina mtego unaofanana. Mashine za bluu ni za mafundi, za kijani ni za nyumbani, zote zimeandikwa Bosch na 18V, na betri zake haziingiliani. Betri za bluu pia zinatumika kwenye mashine za chapa nyingine zilizojiunga na mpango wa AmpShare, kwa mfano Fein. DeWalt nayo ina FlexVolt, iliyoanza 2016: betri ya seli kumi na tano inayojipanga upya ikiingizwa kwenye mashine. Betri ya 6.0Ah kwa volti 18 huwa 2.0Ah kwa volti 54, nishati ileile. Inafanya kazi kwenye mashine za volti 18, lakini betri ya kawaida ya volti 18 haiwezi kuendesha mashine ya volti 54. Kwa anayekata mbao nene kila siku, hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote ya kuchagua DeWalt.

Milwaukee ni mashine nzuri sana, hasa kwa mafundi bomba na umeme. Hapa iliachwa mapema kwa kuwa hakukuwa na anayeitengeneza karibu. Na kutoka kampuni moja hakusaidii: mashine za Milwaukee na Ryobi hutengenezwa na kampuni moja, TTI, ila betri zao haziendani.

Uamuzi ulitoka kwa fundi wa kutengeneza mashine, si kwa katalogi. Seremala alimpelekea maswali manne kwa kila chapa: swichi ya drili ipo kabatini au inaagizwa? Kaboni za mota, yaani brashi zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka? Kishikio cha biti cha milimita 13? Na mashine isiyo na kaboni ikiungua bodi ya umeme, bodi inauzwa peke yake au pamoja na mota nzima? Swali la nne lina uzito. Mota isiyo na kaboni ni bora: inapoteza nishati kidogo na hudumu kwenye vumbi. Lakini kwenye modeli nyingi swichi, bodi na mota huja kama kipande kimoja, na kipande hicho hukaribia bei ya mashine mpya. Palipo na vipuri vichache, drili yenye kaboni inayofunguliwa kwa bisibisi na kurudi kazini baada ya dakika kumi bado ina nafasi yake.

Makita ilishinda kwa majibu hayo, maana vipuri vitatu kati ya vinne vilikuwepo palepale. Fundi wa kutengeneza angekuwa na kabati la Bosch, jibu lingekuwa Bosch, na uchambuzi huu ungeona ni sawa kabisa.

Kununua bila kuuziwa feki

Ubaya wa chapa inayopendwa ni kwamba betri zake ndizo zinazoigwa zaidi. Mizani ilirudi kazini. Betri halisi ya 5.0Ah yenye seli kumi nyembamba ina gramu 450 hadi 500 za seli, ukiongeza ganda, bodi na vibati inapita 600. Dukani ya kwanza ilisoma 632, ya pili ya “6.0Ah” kwenye duka jirani ilisoma 418. Hiyo ya pili ina seli tano ndani ya ganda kubwa, hakuna maelezo mengine. Angalia pia wati-saa zilizochapwa: 5.0Ah lazima iseme 90Wh.

Mashine zilinunuliwa tupu, bila betri. Kwenye namba za modeli, Makita huweka Z mwishoni kwa mashine tupu, DeWalt za Ulaya huweka N, Milwaukee huweka 0 baada ya kistari. Anayelinganisha bei bila kusoma herufi hiyo hulinganisha vitu viwili tofauti. Chaja ilikaguliwa volti za kuingilia: ziko chaja zilizoletwa kutoka Marekani zenye 120V tu, na ukizichomeka kwenye 230V zinaungua papo hapo, ingawa betri na mashine ni zilezile. Msumeno ukakaguliwa tundu la katikati la diski, milimita 20 kwa diski ya 165, ili diski mbadala zipatikane.

Orodha ya mwisho: impakti na drili, zote bila kaboni, msumeno wa 165, betri tatu za 5.0Ah, mbili za 2.0Ah, chaja moja ya ampea 9. Raota ilisubiri miezi mitatu. Grenda na drili ya zege zilibaki za waya, na matundu machache ya ukuta yalifanywa kwa drili mpya ikiwa kwenye hali ya kugonga. Kwenye tofali inatosha. Kwenye zege yenye nondo inateseka na haipaswi kulazimishwa.

Betri moja iliyokufa

Baada ya miezi mitano betri moja ya 5.0Ah ilikataliwa na chaja. Msaidizi alikuwa amenunua adapta ya plastiki ya bei ndogo, akaunganisha taa ya LED apate mwanga jioni, akasahau. Asubuhi multimita ilisoma volti 8.9.

Chanzo chake kinaeleza jambo ambalo wengi hawalijui. Kwenye mifumo mingi, huu ukiwemo, betri haijikati yenyewe inapoisha. Bodi yake huitumia mashine ishara, na mashine ndiyo hujizima. Adapta ile ilikuwa na waya mbili tu, + na −, haikusikia ishara yoyote, na ikaendelea kunyonya. Seli moja ikishuka chini ya volti 2.5 hivi huanza kuharibika. Ikishuka zaidi, shaba ya ndani huyeyuka, na ukiichaji tena inaganda mahali pasipo pake na inaweza kuunganisha seli kwa ndani. Msaidizi alitaka “kuiamsha” kwa kuiunganisha na betri nzima. Alizuiwa, na ni vizuri alizuiwa. Betri iliyoamshwa hivyo inaweza kukubali chaji leo na kuwaka moto kesho ikiwa kwenye chaja usiku. Hatari hii iko pia kwenye adapta za kuingiza betri ya chapa moja kwenye mashine ya chapa nyingine, kwa sababu nyingi hupitisha umeme na kuiacha ishara.

Betri ilipelekwa kwa wanaokusanya betri chakavu, adapta ikavunjwa. Betri zilizobaki ziliandikwa tarehe ya kununuliwa kwa kalamu isiyofutika, na utaratibu ukabadilika: zinatolewa kwenye mashine jioni, hazichajiwi zikiwa bado za moto kutoka kwenye msumeno, na zisizotumika wiki nzima huachwa na vipande viwili vya taa, mahali pa baridi. Ununuzi unaofuata ni betri moja ya 5.0Ah kuziba pengo, kabla ya randa.